Uzito Hamsini na Saba

Machi 11
Mimi ni Osewe wa Silanga, Kibera. Kibanda changu cha kutengeneza friji kiko Kawangware 46, mwaka wa thelathini na nane huu, uliza mtu yeyote. Naandika kwa sababu mjukuu wangu Adero amesema niandike. Anasema kule maabara yao ya chuo kikuu, kitu kisichoandikwa hakikufanyika. Nikamwambia friji za Kawangware nilizifanya bila kuandika na zinagandisha mpaka leo. Akacheka, akachukua kitabu hiki, akaandika namba kila ukurasa kwa kalamu yake, 1 mpaka 96, ili nisichane hata mmoja. Niliacha shule darasa la nne lakini sijawahi kuchana kitabu. Nimekasirika na sijaanza kazi.

Sheria zake ni hizi. Tarehe. Kila nilichogusa. Nikikosea nisifute, nikate mstari mmoja tu ili kosa lisomeke, nitie sahihi kando. Chini ya kila ukurasa shahidi anasoma na kutia sahihi yake. Shahidi ni yeye.

Machi 12
Niieleze mashine, shahidi asije akasema sikuelewa. Ni mtungi wa chuma, mkubwa kama pipa la maji, una madirisha ya kioo ya mviringo. Ndani hakutakiwi kitu, hata hewa. Pampu inavuta mchana na usiku mpaka kubaki kutupu. Kisha wanaingiza gesi kidogo sana, wanaigonga kwa umeme inakuwa ayoni, yaani molekuli iliyobeba chaji, halafu wanaipiga kwa leza waone chembe zake zimeshikana vipi.

Pampu ndiyo imekufa. Spea inatoka ng'ambo, miezi mitatu. Na leza ni ya kuazima, inarudi kwa wenyewe Mei 31. Adero asipopata kipimo kabla ya hapo, hamalizi udaktari wake, na miaka mitatu imekwenda na maji.

Wasomi wote walikuwa wamesimama wanaitazama ile pampu kama wako matangani. Adero akawaambia babu yake anavuta hewa kwenye friji tangu yeye hajazaliwa. Mkubwa wao, Daktari Thuo, akaniangalia viatu. Hakuangalia mikono. Viatu.

Machi 13
Nimefungua pampu. Visu vya ndani vimelika, oili imekuwa kama lami. Mtu ana digrii tatu na habadilishi oili.

Machi 16
Kuchonga visu.

Machi 17
Kuchonga visu. Kimoja kimevunjika. Sitaki kuandika zaidi.

Machi 19
Murunga, ambaye anatengeneza redio kibanda cha pili, amekuja kunisumbua. Akauliza hiyo pampu ni ya friji gani. Nikamwambia ni ya mtungi ambao ndani hakuna kitu kabisa. Akasema, "Friji haina kitu ndani? Hiyo si ni ya kwako nyumbani, jirani?" Watu wa pale wote wakacheka. Nilimwambia redio zake zinashika stesheni moja tu, na hata hiyo ni ya wafu. Lakini walikuwa wameshacheka.

Machi 27
Nimemaliza pampu. Imelia kama paka ameshiba. Naandika hapa ukurasa wa kumi na moja, na shahidi aone: miaka thelathini na nane hakuna kitu kimetoka mkononi mwangu kikarudi na kosa. Hakuna.

Machi 28
Tumeipeleka chuoni. Daktari Thuo aliinama akasikiliza, akasoma kipimo kwenye geji ya pampu, akasema, "Sawa." Sawa! Mimi nimefufua maiti na mtu anasema sawa, kama ameletewa chai. Kisha akanipa glavu za bluu na kuniambia kwamba kwenye chumba hiki hakuna mkono mtupu. Nikamuuliza kama anadhani mikono yangu ina ugonjwa. Adero alinivuta shati.

Aprili 2
Mvua imeanza. Shamba la sukuma wiki la mke wangu Rosebella pale kando ya Nairobi Dam limelala chini ya maji. Alisimama tu ukingoni na panga mkononi. Nimekasirikia mvua, na hilo ni jambo la kijinga, lakini nimeikasirikia hata hivyo.

Aprili 5
Jioni Adero alikula kwetu, na Rosebella akamuuliza hasa anatafuta nini huko kwenye chuma. Miaka mitatu hatukuwa tumeuliza vizuri.

Alichukua sufuria ya ugali, ile ya masikio mawili, akampa Rosebella sikio moja na mimi jingine. Akasema, nyinyi wawili ni nitrojeni. Hii sufuria katikati ni haidrojeni moja. Nitrojeni mbili huku, nitrojeni mbili kule, na haidrojeni moja katikati, na kila upande unasema ni yangu. Swali lake ni moja: imekaa katikati sawasawa, ama imeegemea upande mmoja?

"Si mwangalie tu," Rosebella akasema.

Adero akamwambia haionekani, ni ndogo mno, hata mwanga wa leza yenyewe hauonekani kwa macho. Wanachofanya ni kuitikisa. Kitu kilichoshikwa na mmoja kwa nguvu kinatikisika haraka haraka. Kilichoshikwa na wawili kinatikisika polepole. Leza inabadilishwa rangi kidogo kidogo, na ikifika rangi inayolingana na ule mtikisiko, ayoni inaimeza na kuvunjika, na kompyuta inachora kilima. Kilima kikiwa mahali pa polepole, basi haidrojeni iko katikati.

Nilivuta sufuria. Rosebella akavuta. Ukoko ukamwagikia goti langu. Adero akasema, "Sasa hapo mmeelewa fizikia kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza." Hiyo nimeiandika kwa sababu ni kweli.

Aprili 6
Mvua.

Aprili 9
Kufunga kifuniko cha mtungi, Adero amekwenda kufundisha. Bolti kumi na sita. Raba ya kifuniko ilikuwa kavu kama kisigino cha Murunga, nikaipaka mafuta kidogo, imelala vizuri. Mvua.

Aprili 12
Maji. Hewa ya mvua iliingia mtungi ulipokuwa wazi na sasa maji yameng'ang'ania kuta za ndani. Nilimwambia Daktari Thuo, kwenye friji unyevu unaganda na kuziba njia, dawa ni kupasha moto huku unavuta. Nilimpa siri hiyo bure. Akasema mikanda ya moto tayari imefungwa tangu asubuhi, wataoka siku kumi. Yaani alikuwa anajua. Angeweza kuniambia anajua kabla sijamaliza kueleza na mikono.

Aprili 13
Wanaoka.

Aprili 17
Wanaoka. Silanga maji yameingia hadi kitandani kwa jirani yetu Filister. Tumeinua magodoro juu ya meza. Huku tunatoa maji kwa ndoo na kule wanatoa kwa pampu yangu, na kule ndiko yanaisha.

Aprili 24
Leo nilikuwepo. Mashine ina mizani yake, inapima uzito wa kila ayoni. Ayoni ya Adero ina uzito wa hamsini na saba: nitrojeni nne, kumi na nne mara nne, na haidrojeni moja. Walifungua gesi, na kompyuta ikahesabu hamsini na saba nyingi, nyingi, kuliko walivyotarajia. Adero aliweka mikono kichwani. Daktari Thuo akatabasamu, nikajua ana meno.

Nilimwambia hiyo ni pampu. Hakukataa.

Aprili 30
Leo leza imewashwa. Ukitazama huoni kitu. Watu wazima watano wamevaa miwani mieusi wanatazama meza tupu. Lakini kilima kilitokea. Adero akasoma mahali kilipo. Kiko mahali pa haraka. Mahali pa polepole pako bapa kama sinia.

Kwa hiyo haidrojeni imeshikwa upande mmoja? Wengine walianza kusema labda ni jambo jipya duniani. Adero alikagua namba upya. Daktari Thuo alitazama muda mrefu, akatikisa kichwa.

Mei 2
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Daktari Thuo amesema kilima kile si cha nitrojeni. Ni cha kaboni na haidrojeni. Amesema mafuta yakivunjika ndani ya mtungi yanatoa kipande cha kaboni nne na haidrojeni tisa. Mara kumi na mbili nne, arobaini na nane, ongeza tisa. Hamsini na saba. Uzito uleule. Mizani haiwezi kuwatofautisha, inaona pacha. Leza ndiyo imeona, kwa sababu leza haipimi uzito, inauliza nani ameshika nani.

Hapo nilikuwa bado sina neno. Ni jambo zuri, nimelifikiria tangu mchana. Lakini akaendelea. Akasema kuna mafuta ndani ya mtungi, na mafuta yanatoka wapi kama si kwenye pampu? Akageuka kuniangalia. Viatu tena.

Nilimwambia pampu yangu haitapiki oili. Nilimwambia pampu iliyotapika oili ni ile aliyoiacha mwenyewe mpaka ikawa lami. Nilimwambia mengi, mengine kwa Kijaluo. Adero alisimama katikati yetu, anamwambia yeye, "Daktari, tafadhali," ananiambia mimi babu yake, "Kwara, tafadhali." Msichana ana miaka ishirini na saba, na leo nilimwona amechoka kama Filister anayetoa maji kitandani.

Mei 3
Sijaongea na mtu.

Mei 6
Wameondoa pampu yangu. Wameazima nyingine kutoka idara ya pili, mpya, ya ng'ambo, wamevuta nayo siku tatu. Mafuta yako palepale. Hamsini na saba ileile, kilima kilekile.

Haya. Kwa hiyo si pampu. Nimengoja Daktari Thuo aseme samahani. Amesema, "Basi ni kitu kingine." Pampu yangu imerudishwa mahali pake na nilikaza bolti zake mwenyewe, kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Nimepita kwa Murunga nimweleze. Nilimweleza mara mbili.

Mei 9
Daktari Thuo sasa anasema uchafu ni wa mtu. Kuna mtu aligusa ndani kwa mkono mtupu, ama alitumia kitu. Na mwenye mashine ni Adero, kwa hiyo yeye ndiye atatoa jibu. Siku zimebaki ishirini na mbili na leza imezimwa.

Mei 10
Nilikwenda mwenyewe, bila kuitwa. Askari wa getini alitaka kitambulisho, nikampa na maneno juu yake. Nilimkuta Daktari Thuo anakula ndizi. Nilisimama mlangoni nikamwambia: huyu msichana nimemlea mimi tangu ana miaka sita, tangu mwanangu Maurice alipokufa na mama yake akaolewa kwingine. Anaosha kikombe kabla na baada. Anaosha mpaka kijiko cha jirani. Kama kuna mchafu hapa ni nyinyi, ambao mlisahau oili mwaka mzima. Mtafute mchafu wenu mnapojua, msimbandike mtoto wangu.

Alisubiri nimalize. Akafunga ganda la ndizi kwenye karatasi. Akasema, "Mzee, mimi simtafuti mbaya. Natafuta mafuta yako wapi. Akiniambia leo yako wapi, tutayatoa kesho."

Nikamwambia atafute kwenye nywele zake. Nikaondoka. Nilitembea kutoka huko mpaka 46 na mvua yote ikanipata. Sikujuta hata hatua moja.

Mei 12
Mvua. Nimetengeneza friji ya bucha. Inagandisha.

Mei 13
Adero alipita kusaini kurasa, zilikuwa zimekaa tangu Machi bila shahidi. Alikaa na kitabu kule jikoni muda mrefu, chai ikapoa. Kisha alinirudishia. Nilimuuliza kama maandishi yangu ni mabaya. Akasema ni mazuri, Kwara, yanasomeka yote.

Mei 15
Adero amekuja, amesema. Wamepata. Mafuta yalikuwa kwenye raba ya kifuniko, mafuta ya kujipaka, wakati wa kuoka yaliyeyuka yakasambaa ndani. Amesema alipaka yeye. Ameandika barua jana, ameikubali. Daktari Thuo amesema mtu wa mwaka wa tatu anayepaka raba mafuta ya ngozi hawezi kuaminiwa na leza ya watu. Wakishasafisha mtungi, siku zote zilizobaki anapewa kijana mwenzake, Marvin, apime gesi zake.

Nilisimama. Nilimfokea, Mungu anisamehe. Nilimwambia nimempigania kwa Thuo mbele ya watu, nimesema anaosha kikombe kabla na baada, kumbe ni yeye. Nani alimfundisha kupaka kitu na kunyamaza? Nilimwambia hata mimi wa darasa la nne naandika kila ninachogusa. Nilisema amenivua nguo. Nilisema Maurice asingefanya hivyo.

Rosebella alisema jina langu, kwa sauti ya chini. Sikunyamaza.

Adero alitazama meza tu. Alisema, "Pole, Kwara." Akachukua mwavuli akaenda.

Mei 16
Asubuhi Rosebella alikuwa anajipaka mafuta mikononi, anakwangua kopo kwa kidole. Akauliza, bila kunitazama, lile kopo lingine nililobeba kazini mwezi wa nne mikono yangu ilipopasuka kwa mvua, nililiacha wapi.

Nilikuwa nanyoa. Nilinyoa upande mmoja nikaacha.

Nimesoma kitabu hiki tangu ukurasa wa kwanza, kwa kidole, mstari kwa mstari. Aprili 9. Nitaunakili hapa nisije nikajidanganya: raba ya kifuniko ilikuwa kavu kama kisigino cha Murunga, nikaipaka mafuta kidogo, imelala vizuri.

Nimepaka raba za milango ya friji miaka thelathini na nane. Ikikauka unaipaka, inalala, mlango unafunga. Kila fundi anajua hivyo. Mkono ulifanya wenyewe, mimi sikuwepo. Nilivua glavu kwa sababu spana ilikuwa inateleza. Hata sikukumbuka. Niliandika na sikukumbuka.

Chini ya ukurasa huo kuna sahihi ya shahidi. Adero, na tarehe: Mei 13. Barua yake ni ya Mei 14.

Mei 17
Sikwenda kazini. Murunga alituma mtu kuuliza kama nimekufa.

Niliwaza kuchana. Naandika ili ijulikane niliwaza. Ukurasa ni wa kumi na nne, namba yake ni ya mkono wa Adero, na hata ningechana, kumi na tatu na kumi na tano zingekaa hapo zinanitazama.

Lakini hasira ndiyo iliyonikalisha. Nilianza kujikasirikia, nikaona haitoshi, ikaenda kwa Adero. Nani alimwambia anifichie? Nani alimtuma? Amechukua kosa langu akalivaa kama koti, kana kwamba mimi ni mtoto mdogo nimejikojolea shuleni. Kosa ni langu. Nimelifanya kwa mkono wangu. Mtu hawezi kuja tu akachukua.

Mei 18
Nimetoka Silanga alfajiri. Nilipita Makina nikamkuta Adero nje ya nyumba aliyopanga, anasubiri mandazi. Nilimwekea kitabu mbele ya uso, ukurasa wa kumi na nne.

Hakujifanya hajui. Nilimuuliza kwa nini.

"Ungefanya nini, Kwara?" akasema. "Si umesema wewe mwenyewe? Ukurasa wa kumi na moja. Miaka thelathini na nane hakuna kitu kimerudi na kosa. Na nimetia sahihi hapo pia. Ningekuambia vipi?"

Mwenye mandazi alikuwa ameacha kugeuza mandazi. Nilimwambia aendelee na kazi yake.

Nilimwambia Adero: sasa sikiliza, nyakwara, mjukuu wangu. Umeniandikia sheria, kila kitu kiandikwe na kisifutwe. Halafu wewe shahidi unakwenda kuandika uongo kwenye barua? Ulitaka jina la udaktari kwa hiyo barua? Akaanza kulia, akicheka pia, mandazi mkononi. Nikamwambia anywe chai, tunakwenda.

Daktari Thuo alikuwepo. Sikuketi. Nilimwambia, "Hii raba niliipaka mimi, kwa mkono mtupu. Hapa pameandikwa, tarehe tisa Aprili, kabla yeyote kati yenu hajajua kuna mafuta. Soma. Kosa ni langu, na usimpe mtu mwingine."

Alisoma. Akasoma tena. Akatazama sahihi na tarehe yake, akamtazama Adero. Akamwambia alikosea mara mbili: kuniacha peke yangu na mtungi, na kudanganya kwa maandishi. La pili ndilo baya, akasema, na barua mpya iwe mezani kwake kabla ya saa sita. Adero akasema ndiyo. Halafu Thuo akaniuliza mimi kwa nini nilivua glavu. Nikamwambia spana ilikuwa inateleza. Akasema, "Ungeniita." Nikamwambia angeniangalia viatu.

Hapo alishusha macho kwenye viatu vyangu, akayainua upesi. Nadhani hakuwahi kujua kwamba anaangalia viatu.

Marvin aliyepewa zile siku aliitwa. Ni kijana mrefu mwenye miwani. Aliposikia, akasema gesi zake zinaweza kungoja leza ya mwakani, na kwamba toka mwanzo hakuzitaka siku za Adero. Mkono wake niliushika. Huyo simkasirikii.

Mei 19
Kazi yangu, kwa ombi langu: kusugua mfereji wa raba kwa spiriti. Glavu mbili, moja juu ya nyingine. Mafuta ya Rosebella yalikuwa yameoka yakawa kahawia, kama ukoko. Mengine yako kwenye kuta. Nilisugua mpaka shingo ikakataa. Thuo aliingia mara tatu kukagua. Mara ya tatu alinishikia taa.

Mei 20
Kusugua. Raba mpya. Imewekwa kavu, mbele ya mashahidi wawili. Kavu! Mkono wangu wote ulikuwa unataka kuipaka.

Mei 21
Wanaoka. Siku saba badala ya kumi, hakuna zaidi.

Mei 24
Wanaoka. Mvua imepungua. Rosebella amepanda sukuma tena palepale. Nikamwambia maji yatarudi. Akaniambia niende nikaoke chuma changu.

Mei 28
Pampu yangu inavuta kama shetani. Hiyo naruhusiwa kuandika, ni kweli.

Mei 29
Saa nne asubuhi. Hamsini na saba zimekuwa chache, sehemu moja ya kumi ya zile za Aprili. Adero alizihesabu tena. Leza ikawashwa. Mahali pa haraka, bapa. Hakuna kaboni. Wakashuka rangi kwa rangi, na mimi nikahesabu pumzi kwa sababu hakukuwa na kingine cha kuona.

Saa saba kasoro kilima kikaanza kuinuka. Mahali pa polepole. Kidogo, kama kichuguu, halafu kikaenda juu.

Hakuna aliyepiga kelele. Adero alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye meza. Mimi nikamuuliza sufuria iko wapi. "Katikati, Kwara," akasema. "Katikati kabisa. Hakuna anayeishinda."

Thuo alimwambia arudie kipimo mara tano. Alirudia mara saba.

Mei 31
Leza imefungwa kwenye masanduku, imeondoka. Vipimo vyote viko, Adero anaandika.

Sasa hasira ya leo. Thuo ameomba nakala ya ukurasa mmoja wa kitabu hiki uingie nyuma ya kazi ya Adero, kuonyesha uchafu ulitoka wapi na ulijulikanaje. Nimeandika kurasa nyingi hapa, nyingine zina ustadi ambao hawaupati kwa vitabu, kuna ya visu, kuna ya kukaza pampu, na waliouchagua ni ule wa kumi na nne. Kwa hiyo chuo kikuu kizima kitasoma kisigino cha Murunga. Nimemweleza Murunga. Amenunulia kibanda kizima soda.

Nimerudi ukurasa wa kumi na moja. Pale niliposema hakuna kitu kimetoka mkononi mwangu kikarudi na kosa, nimekata mstari mmoja, unasomeka. Nimetia sahihi kando. Neno la mwisho, lile "Hakuna" la pili, nilifikiri kuliacha, kisha nikalikata pia.

Kazi ya leo: kufunga kifuniko, bolti kumi na sita. Glavu mbili. Raba kavu. Nafasi ya shahidi nimeiacha hapa chini. Aje atie sahihi, na safari hii akiona kosa aniambie mimi kwanza.